Kuchagua tafsiri ya Biblia: tuangalie nani kachapa, na kwa nia gani

Mleta mada:

Wakuu, heshima kwenu.

Kila zinapotajwa "Biblia zilizochakachuliwa", naona mambo matatu yanatiwa kwenye kapu moja. La kwanza ni nakala za Kiebrania na Kigiriki ambazo watafsiri walizitumia. La pili ni namna ya kutafsiri, kama ni neno kwa neno au maana kwa maana. La tatu ni nia ya aliyetoa fedha na kuchapa. Mtu akikosa mstari aliouzoea, anarukia hilo la tatu moja kwa moja: wameuza imani. Nia zipo, sikatai. Ila nimefuatilia mambo haya kwa muda, na nimeona mkono wa mchapishaji hukaa zaidi pembeni mwa ukurasa kuliko katikati yake. Tunaukagua mstari kwa hasira huku maelezo ya chini tunayameza bila kuuliza.

Tuanze na King James, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, maana ndiyo inayosifiwa kwamba haina mkono wa mtu. Mwaka 1604 Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza aliitisha mkutano kwenye kasri la Hampton Court, na humo ndimo lilimozaliwa wazo la tafsiri mpya. Waingereza wengi wakati ule walisoma Biblia ya Geneva ya mwaka 1560, ambayo pambizo zake zilijaa maelezo. Mfalme aliichukia kwa sababu ya maelezo hayo. Fungua Kutoka 1:19. Wakunga wa Kiebrania wamekataa kuwaua watoto wa kiume, kisha wanamdanganya Farao. Geneva iliandika pembeni kwamba kuasi kwao kulikuwa halali, ila uongo wao ulikuwa mbaya. Hebu jiweke kwenye kiti cha mfalme, usome kwamba kuna siku kumwasi mfalme ni halali!

Ndiyo maana watafsiri walipewa masharti. Pambizo zisiwe na maelezo yoyote ila ya kufafanua neno la Kiebrania au Kigiriki, pamoja na marejeo ya mistari mingine. Maneno ya zamani ya kanisa nayo yasiguswe. William Tyndale, katika Agano Jipya lake la mwaka 1526, alikuwa ameandika "kusanyiko" pale wakubwa walipotaka "kanisa", na "mzee" pale walipotaka "kasisi". Ukisoma "kusanyiko la wazee", askofu unamwona wapi? Tyndale alinyongwa na mwili wake ukachomwa moto mwaka 1536. Miaka 75 baadaye King James ikatoka, na sehemu kubwa ya Agano Jipya lake ni maneno yake yeye Tyndale, isipokuwa machache kama hilo "kusanyiko", lililorudishwa kuwa "kanisa".

Kwa hiyo King James ina nia ya kisiasa iliyoandikwa kwenye masharti yake, na papo hapo ni kazi ya wasomi wapatao 47 walioifanya kwa uaminifu mkubwa. Yote mawili ni kweli. Anayesema "nia ilikuwa mbaya, basi tafsiri ni mbaya" ameruka hatua, na anayesema "tafsiri ni nzuri, basi nia ilikuwa safi" ameruka hatua ileile.

Naomba kuwasilisha. Karibuni.

Shemasi:

Mkuu, historia umeieleza vizuri, lakini umekwepa swali lenyewe. Matendo 8:37 imekwenda wapi kwenye tafsiri mpya? Mathayo 17:21, "namna hii haitoki ila kwa kusali na kufunga", imekwenda wapi? Unaruka kutoka 20 hadi 22 kama vile 21 haikuwahi kuwapo. Nani anafaidika watu wakiacha kufunga? Mimi nafundisha watu, na mtu akiniuliza nakosa la kusema.

Mleta mada:

Shemasi, swali lako ni la haki, naomba nilijibu taratibu.

Mwaka 1516 msomi aitwaye Erasmus alitoa Agano Jipya la Kigiriki huko Basel, kwenye kiwanda cha uchapaji cha Johann Froben. Kazi ilikwenda mbio. Hispania walikuwa wameshachapa Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1514, ila lilikuwa bado halijatolewa kwa watu, na Froben alitaka kutangulia sokoni. Mkitafuta haraka ya kibiashara katika historia ya Biblia, anzeni hapo. Erasmus alikuwa na nakala chache za mkono, tena za karne za mwishomwisho. Nakala yake ya Ufunuo ilikuwa imepoteza ukurasa wa mwisho, akalazimika kuchukua Kilatini na kukirudisha kwenye Kigiriki ili kuijaza ile mistari. Maandishi yaliyotokana na kazi hiyo, baada ya kusahihishwa na wengine waliomfuata, ndiyo msingi wa Agano Jipya la King James.

Baadaye zikapatikana na kusomwa nakala za zamani zaidi. Sinaiticus na Vaticanus ni za karne ya 4, na baadhi ya mafunjo yaliyopatikana Misri ni ya kale kuliko hizo. Hiyo Mathayo 17:21 haimo katika Sinaiticus wala Vaticanus. Matendo 8:37 haimo katika nakala nyingi za Kigiriki, za kale na hata za baadaye, na Erasmus mwenyewe alieleza kwamba aliikuta pambizoni mwa nakala mojawapo akaiingiza. Namba inarukwa kwa sababu namba za mistari ziliwekwa na Robert Estienne mwaka 1551, kwenye maandishi yaliyokuwa na mistari hiyo.

Fungua Union Version yako ya Kiswahili uangalie mistari hiyo miwili. Imewekwa ndani ya mabano. Tumekuwa tukiisoma kanisani bila kuuliza mabano yanafanya nini pale.

Na kuhusu kufunga: kama kuna mtu alitaka kuliondoa fundisho hilo, kazi yake ameifanya vibaya sana. Mathayo 6:16-18 iko palepale, Yesu akisema "mfungapo". Mathayo 9:15 iko. Matendo 13:2-3 iko, kanisa la Antiokia likifunga kabla ya kuwatuma Barnaba na Sauli.

Sasa, Biblia iliyokatwa kwa makusudi mnataka kuiona? Ipo. Ilichapwa London mwaka 1807 kwa ajili ya Waafrika waliokuwa watumwa katika visiwa vya Waingereza huko Karibi. Waliochapa walichukua King James, hawakubadili tafsiri hata kidogo, wakakata tu. Habari za Musa kuwatoa Waisraeli Misri hazimo. Wagalatia 3:28, "hapana mtumwa wala huru", haimo. "Enyi watumwa, watiini" ya Waefeso 6 ikaachwa. Sehemu kubwa mno ya Agano la Kale ilitupwa, na karibu nusu ya Agano Jipya. Kila mstari uliobaki umetafsiriwa sawasawa, na kitabu kizima ni dhuluma. Mwenye nia ya kuwapotosha watu hukata hivyo. Hawezi kukata mstari mmoja wa kufunga halafu akaacha kumi, tena akaweka tanbihi chini inayokuonyesha mahali alipokata.

Binti Msomaji:

Kaka, nashukuru kwa hiyo ya 1807, nilikuwa siijui, na imeniuma. Lakini mbona huzungumzii fedha? Nimeona mara nyingi watu wakisema New International Version, ile Biblia ya Kiingereza, inamilikiwa na Rupert Murdoch, tajiri wa vyombo vya habari. Ni kweli au ni maneno ya mtandaoni tu?

Mleta mada:

Dada, ni nusu ya kweli, na hiyo nusu nyingine ndiyo muhimu.

Hakimiliki ya maandishi iko kwa Biblica, shirika lililokuwa likiitwa International Bible Society. Kampuni ya uchapaji ya Zondervan ndiyo yenye haki ya kuichapa kibiashara Marekani, na Zondervan ilinunuliwa mwaka 1988 na kampuni ya Murdoch ambayo leo ni HarperCollins. Miaka ya 2010 ilipoanza, HarperCollins ikainunua pia Thomas Nelson, yenye New King James ya mwaka 1982. Kwa hiyo anayekimbia New International Version kwa sababu ya Murdoch na kukimbilia New King James, amehama chumba ndani ya nyumba ileile. Maneno ya New International Version yenyewe yako chini ya kamati ya wasomi kutoka madhehebu mbalimbali, na kampuni haina kalamu ya kuyabadili inavyotaka.

Fedha inafanya nini basi? Inazidisha idadi ya tafsiri. Ukitaka kuchapa masomo ya Jumapili yenye mistari mingi kutoka tafsiri ya mwingine, unaomba ruhusa na kulipia. Ukiwa na tafsiri yako, humwombi mtu, na hakuna atakayekubadilishia maneno kesho. Wabaptisti wa Kusini wa Marekani, kupitia nyumba yao ya uchapaji, walitoa tafsiri yao kamili mwaka 2004 na kuirekebisha mwaka 2017. Wachapishaji Crossway walichukua Revised Standard Version kwa makubaliano na wenye hakimiliki, wakaipitia upya na kutoa English Standard Version mwaka 2001. Rafu imejaa, na sababu kubwa si kwamba Kigiriki kilibadilika katikati. Halafu maandishi yaleyale yanavikwa jalada la vijana, la akina mama, la viongozi, la wanajeshi. Biashara kubwa iko hapo kwenye jalada na makala zilizoongezwa ndani. Mstari wenyewe haujaguswa.

Tena soko lina tabia ya kulinda mazoea, jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mwaka 1952 Revised Standard Version ilipoandika "mwanamke kijana" katika Isaya 7:14 badala ya "bikira", mchungaji mmoja wa North Carolina aliuchoma ukurasa huo hadharani. Mwenye kutafuta faida angeliacha neno lililozoeleka. Ninapoona watafsiri wamechagua neno litakalowaharibia mauzo, na wakaeleza kwa nini, imani yangu kwao inapanda hata kama sikubaliani nao.

Upande wa pili wa hilo ni Today's New International Version ya mwaka 2005. Ilijaribu kutumia lugha inayowataja wanaume na wanawake pamoja pale Kigiriki kinapowahusu wote, kama "ndugu" wa kwenye nyaraka. Ikapigwa vita, mauzo yakawa duni, ikaondolewa. Marekebisho ya New International Version ya mwaka 2011 yakarudisha kiasi na kubakiza kiasi. Mwaka huohuo Wabaptisti wa Kusini wakapitisha azimio la kuyapinga.

English Standard Version nayo ina kisa chake. Mwaka 2016 ilibadilisha Mwanzo 3:16, mahali ambapo sisi tunasoma "tamaa yako itakuwa kwa mumeo", ikaandika kwamba tamaa ya mwanamke itakuwa kinyume na mumewe. Kihusishi kidogo cha Kiebrania, na ndoa nzima ikageuka kuwa mashindano. Wachapishaji wakatangaza kwamba maandishi hayo sasa ni ya kudumu, hayataguswa tena. Kelele zikawa nyingi, na haukupita muda mrefu wakaliondoa tangazo la "kudumu" na kusema ni kosa. Mabadiliko yenyewe ya Mwanzo 3:16 yakabaki kwa miaka kadhaa. Hapo sioni fedha. Naona watu wenye msimamo kuhusu mwanamke na mume, na msimamo huo ukaingia kwenye mstari.

Mzee wa Hoja:

Kijana wangu, mbona unazungumza za kuuza tu? Kuna wanaogawa bure mlango kwa mlango. Hao nao utasema wanatafuta nini?

Mleta mada:

Shikamoo mzee. Bure nayo ina nia yake.

Tafsiri ya Ulimwengu Mpya ya Mashahidi wa Yehova ilianza na Agano Jipya mwaka 1950, ikakamilika mwaka 1961, ikarekebishwa kwa ukubwa mwaka 2013. Majina ya watafsiri hayakutangazwa. Yohana 1:1 inaandika "mungu" kwa herufi ndogo. Katika Agano Jipya wameweka jina Yehova mara 237, wakati nakala za Kigiriki tulizonazo zina "Bwana" au "Mungu" mahali hapo. Kwa maoni yangu hapa mafundisho yalitangulia na tafsiri ikafuata. Lakini niwatendee haki: walieleza wenyewe katika viambatisho kwamba wameliweka jina hilo na kwa sababu gani. Msomaji anaweza kukagua. Ninachowadai ni majina ya waliofanya kazi, kwa sababu mtu akiweka jina lake tunaweza kumuuliza Kigiriki alisomea wapi.

Vyama vya Biblia pia vinauza kwa bei ya chini au kugawa, na navyo vilikuwa na nia. Kile cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1804 kwa sharti la kusambaza Biblia isiyo na maelezo wala ufafanuzi, ili Wakristo wa makanisa tofauti waweze kukichangia bila kugombana. Wazo zuri kabisa. Hata hivyo hawakupita miaka 25 wakagombana kuhusu vitabu vya Deuterokanoni, vile ambavyo Wakatoliki wanavyo katika Agano la Kale na Waprotestanti wengi hawana, na mwaka 1826 wakaamua fedha zao zisitumike kuvichapa. Biblia za Kiprotestanti zikazidi kuenea duniani bila vitabu hivyo, hadi leo kuna watu wanaoamini Wakatoliki waliviongeza juzi. King James ya mwaka 1611 ilikuwa navyo, kati ya Malaki na Mathayo. Hapo uamuzi wa wafadhili ulibadilisha kile ambacho mamilioni wanakiita "Biblia nzima", na hakuna aliyehitaji kugusa tafsiri ya mstari hata mmoja.

Mtumishi Kijana:

Mimi napenda tafsiri moja inayosisimua sana, inaitwa The Passion. Nikiisoma naguswa kuliko zote. Ina shida?

Mleta mada:

Ndugu yangu, kuguswa sikukatazi. Lakini hiyo ni kazi ya mtu mmoja, Brian Simmons, na ina maneno mengi ambayo Kiebrania na Kigiriki hakina. Ukisoma Zaburi ndani yake, zinarefuka. Mwaka 2022 tovuti ya BibleGateway iliiondoa. Eugene Peterson naye alifanya The Message peke yake, ikakamilika mwaka 2002, ila hakuna anayeifungua akadhani ni tafsiri ya neno kwa neno. Shida inakuja pale maneno ya mtu mmoja yanapobandikwa jina la "tafsiri" na mhubiri akajenga fundisho juu ya neno lisilokuwamo. Isome kama ibada yako binafsi ukipenda. Kabla hujaifundisha, weka nyingine mbili pembeni.

Na hapa nirudi kwenye pambizo nilizoanza nazo, maana naona bado hatujazigusa sawasawa. Mwaka 1701 walianza kuchapa kwenye pambizo za King James tarehe za askofu James Ussher, aliyekokotoa kwamba uumbaji ulikuwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Vizazi na vizazi vikakua vikidhani Biblia yenyewe inasema 4004. Hakuna mstari unaosema hivyo! Mwaka 1909 ikaja Biblia ya Scofield, maandishi ni King James tupu, na chini yake maelezo ya C. I. Scofield kuhusu vipindi saba vya Mungu kushughulika na wanadamu, na mambo ya mwisho. Watu waliotetea kila herufi ya King James dhidi ya tafsiri mpya waliyapokea maelezo hayo kana kwamba yalishuka pamoja na Mathayo. Mahubiri mengi ya siku za mwisho yanatoka chini ya ule mstari uliochorwa katikati ya ukurasa, si juu yake.

Shemasi:

Nimeangalia Union. Mabano yapo kweli, sehemu zote mbili. Nimekaa na Biblia hiyo miaka mingi. Sijakubali yote uliyosema, Mathayo 17:21 nitaendelea kuifundisha. Lakini niambie, mtu mpya ambaye hana Biblia kabisa, anataka moja, nimpe ipi?

Mleta mada:

Ifundishe, Shemasi, ila mwambie na mabano.

Kwa mtu mpya mimi natazama kwanza kurasa ambazo huwa tunazipita: dibaji na ukurasa wa hakimiliki. Nataka kujua mambo manne. Walitafsiri kutoka Kiebrania na Kigiriki, au kutoka Kiingereza? Walikuwa jopo au mtu mmoja? Waliketi wa makanisa tofauti, au wote wa kanisa moja? Na wanaonyesha kwenye tanbihi pale nakala za kale zinapotofautiana? Mimi uzito mkubwa nauweka kwenye hilo la tatu. Mkatoliki, Mlutheri na Mpentekoste wakikaa meza moja, kila mmoja anamzuia mwenzake kupenyeza la kwake. Mwaka 1968 vyama vya Biblia na Vatikani walikubaliana miongozo ya kutafsiri kwa pamoja, na kwangu hiyo ni kinga kubwa kuliko ahadi yoyote ya mchapishaji.

Kwa msomaji wa Kiswahili, Habari Njema ilipita njia hiyo ya ushirikiano, lugha yake inaeleweka, na inapatikana hata yenye vitabu vya Deuterokanoni. Mtu mpya mpe hiyo. Udhaifu wake ni kwamba inakuamulia maana pale Kigiriki kilipoacha mlango wazi, na hapo Union inakusaidia kwa sababu inafuata maneno kwa ukaribu zaidi. Akishapita Injili moja, mwongezee Union, asome sura ileile katika zote mbili. Zikitofautiana, hapo ndipo pa kusimama na kuuliza.

Zenye maelezo ya mafunzo asipewe kwanza. Akishazisoma Injili zote nne mwenyewe, apewe, na umwambie jina la aliyeandika hayo maelezo ya chini na kanisa lake.

Mzee wa Hoja, lile swali lako la Yohana 1:1 uliloniandikia pembeni ni refu, lina sarufi ya Kigiriki ndani yake. Nitalifungulia uzi wake.